Vikwembe vya marehemu, blanketi la mjukuu: uchambuzi wa kisa kimoja cha ushonaji wa viraka, Goma

Familia moja ya Goma, mashariki mwa Kongo, iliamua kumshonea mtoto blanketi la viraka kutokana na vikwembe (vitenge) vya mama aliyefariki. Nimekiandika kisa chao kwa ajili ya mafundi, na kwa ajili ya mama yeyote anayeletewa begi la nguo za marehemu na kuambiwa, "Tufanyie kitu cha kumbukumbu." Kazi ya namna hii haifanani na kwenda Birere, mtaa wa biashara, kununua kitambaa kipya na kukikata. Kila kitambaa kinakuja na umri wake na mambo yaliyokipata, na kile kilicho dhaifu kuliko vyote ndicho kinachotoa amri kwa vingine.

Familia imekubali kisa kisimuliwe. Majina, mtaa, kanisa na tarehe zao nimeviondoa. Vipimo na mpangilio wa kazi nimeviacha vilivyo. Mama mtarajiwa nitamwita Binti. Mama mdogo, mdogo wa marehemu, ndiye aliyeshona. Mjomba ni kaka wa marehemu. Mimi nafundisha wasichana ushonaji, na Mama mdogo alikuwa akinijia kila alipokwama. Mashauri mengine yalikuwa yangu, lakini mkasi ulikuwa wake.

Usuli

Binti alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza. Baada ya matanga ya mama yake, nguo zilipogawanywa, yeye aliachiwa begi moja. Ndani mlikuwa na vikwembe vitatu, blauzi mbili, na kitambaa cha kichwa cha kung'aa ambacho marehemu alikifunga Jumapili. Kikwembe cha kwanza kilikuwa cha Machi 8, Siku ya Wanawake, chekundu kilichoiva. Cha pili kilikuwa waksi (kitenge cha wax) nzito ya buluu. Cha tatu kilikuwa chembamba, cha maua ya manjano, kilichochapwa upande mmoja tu.

Begi lenyewe lilikuwa limepita pagumu. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku chache baadaye wakazi wa mitaa mingi ya Goma wakaamriwa kuhama, marehemu alilibeba kichwani kuelekea Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma. Mvua iliwakuta njiani. Waliporudi, begi liliwekwa juu ya kabati bila kufunguliwa, na vikwembe vikakaa na unyevu mikunjoni kwa muda mrefu. Mikunjo ile ndiyo iliyokuja kuamua jinsi ya kukata.

Mama mdogo aliwahi kufanya kazi kwenye atelye (karakana) ya kushona sare na magauni ya harusi. Ana mkono mzuri wa sindano, ila hakuwahi kushona kitu chenye matabaka matatu. Nyumbani kwake hakuna cherehani. Alitumia ya jirani, ile ya kukanyaga, na ikawa afadhali kwa sababu umeme hauaminiki.

Hali ya mji nayo iliingia kazini. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku una baridi yake, na nyumba nyingi zina sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya mawe ya lava. Mtoto anayejifunza kugeuka na kutambaa anahitaji kitu kati yake na sakafu hiyo. Mitaa iliyo mbali na ziwa nayo hununua maji kwa bidoni (madumu) za lita 20, zinazoletwa kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, au kwa pikipiki. Anayetaka kufua vitambaa vya miaka mingi hufanya hesabu ya bidoni kwanza.

Ombi, na pingamizi la Mjomba

Binti alitaka vyote vikatwe. "Mama mdogo, kata vyote," alimwambia. "Sitaki kubaki na kitu cha kukunjua kabatini nikae nalia."

Mjomba alikataa. Kwake, mtoto mchanga kulazwa juu ya nguo ya marehemu lilikuwa jambo zito. Tena alisema kikwembe kizima kina thamani, na kikishakatwa hakiungiki. Wako wanaosikia pingamizi kama hilo wakaliita ushirikina na kulipita. Hao hawajasikiliza sehemu ya pili ya maneno yake. Kikwembe cha yadi 6 ni akiba ya mwanamke: anakivaa, anambebea mtoto, anakigawa nusu kwa dada yake, na siku ya shida anakiuza.

Mama mdogo hakugusa mkasi. Alibeba begi hadi kwa Mjomba, akalifungua mbele yake, wakatazama kitambaa kimoja kimoja. Kikao hicho kilitoa maamuzi matatu. Nusu nzima ya kikwembe cha Machi 8 haitakatwa kamwe. Mtoto atabebewa mgongoni kwa hiyo hiyo. Kwenye viraka vitaingia vile ambavyo havivaliki tena, pamoja na vipande vya nusu iliyobaki. Na blanketi lisiwe la marehemu peke yake: walio hai nao watoe kitu. Mjomba mwenyewe aliingia chumbani akatoka na shati lake la pamba la mistari, ambalo bado lilikuwa zima. Baba wa mtoto alitoa shati la kazi.

Uamuzi huo wa tatu ulifanywa kwa sababu za kifamilia, lakini kwa fundi ulikuwa na maana nyingine: begi lililojaa vitambaa vilivyochoka lilipata vitambaa vyenye nguvu.

Kujua kitambaa ni cha nini

Mama mdogo alichomoa nyuzi mbili tatu kwenye pindo la kila kitambaa, akazishika kwa kibanio juu ya sahani ya bati, akazigusisha mwali wa mshumaa. Nyuzi za pamba ziliwaka haraka, zikatoa harufu ya karatasi iliyoungua, zikaacha majivu mepesi ya kijivu yaliyopukutika kwa kidole. Nyuzi za kitambaa cha kichwa zilijikunja kwanza, zikayeyuka, zikatoa moshi mweusi wenye harufu ya plastiki. Mwisho ulibaki ushanga mweusi usiovunjika kwa kucha.

Kwa hiyo kitambaa cha kichwa hakikuwa pamba, na Mama mdogo akakitoa. Binti aliumia, kwani hicho ndicho alichokuwa akimkumbukia mama yake zaidi. Lakini sababu zilikuwa nzito. Pamba inahitaji pasi ya moto mkali, na moto huo unayeyusha poliesta. Pamba hurudi (hupungua ukubwa) inapofuliwa, poliesta hairudi, kwa hiyo vikiunganishwa mmoja unamvuta mwenzake. Na mtoto anatoka jasho: poliesta hailinywi. Kitambaa cha kichwa kilishonwa mfuko wa kuhifadhia blanketi, na Binti akaridhika.

Kisha Mama mdogo alikitundika kila kitambaa dirishani na kukitazama kwa mwanga wa jua. Hapo ndipo safari ya Sake ilipoonekana. Kwenye kikwembe cha manjano, mistari ya mikunjo ilipitisha mwanga kuliko sehemu nyingine, na palikuwa na madoa madogo ya ukungu yaliyofuata mistari hiyo. Ukungu hula nyuzi za pamba. Alipokishika kitambaa kwa vidole gumba viwili pembeni mwa mkunjo na kukivuta kidogo, nyuzi zililia na kuachana. Hatua tatu za kidole kutoka hapo kitambaa kilikuwa kizima. Akachora chaki kila penye mkunjo: hapa hapakatwi kitu.

Waksi ya buluu haikuwa na shida hiyo. Ilikuwa nzito, na kama waksi yoyote ya kweli, rangi yake ilikuwa imepenya pande zote mbili. Iliamuliwa itoe mgongo wa blanketi, ukingo, na viraka kadhaa.

Kufua kabla ya kukata

Hapa pana mjadala katika kila nyumba ya mji wetu. Kitambaa ambacho bado hakijawa nguo kinafuliwa kwa nini, wakati bidoni inalipiwa? Majibu ni mawili. Pamba hurudi inapofuliwa mara ya kwanza kwa maji ya moto, na kila aina hurudi kwa kiasi chake. Na rangi kali, hasa nyekundu na buluu iliyokolea, huchuja. Bora vyote viwili vitokee kwenye beseni kabla ya kushona, kuliko vitokee baadaye kwenye blanketi lenye vipande vyeupe.

Mama mdogo alifua kuanzia vyepesi kwenda vilivyokolea, na maji ya kusuuzia ya kitambaa kimoja yakawa ya kuanzia kufua kinachofuata. Manjano, mashati, blauzi, buluu, mwisho chekundu. Kile cha Machi 8 kiligeuza beseni zima kuwa jekundu. Jirani alimshauri atie chumvi ili rangi ishike. Ushauri huu nausikia kila mahali na nawaomba mafundi wauache: chumvi na siki haviishikizi rangi ya kitambaa kilichotoka kiwandani kikiwa kimeshatiwa rangi. Linalofanya kazi ni kuifua rangi iliyozidi mpaka iishe. Mama mdogo alirudia, na baada ya kila kusuuza alikandamiza kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya kile chekundu na kukipiga pasi ya makaa. Alisimama pale tu cheupe kilipoinuka bila alama.

Kwa tabaka la kati alinunua moleto mpya ya pamba, kitambaa kinene na laini, mita moja na nusu. Pamba ya kujazia mito aliikataa, na alifanya vizuri, kwa sababu isiposhonwa kwa karibu sana hujikusanya mabonge inapofuliwa. Moleto imefumwa, haihami.

Ila moleto hiyo hakuifua. Maji yalikuwa yamekwisha, tumbo la Binti lilikuwa limeshuka, na alijiambia kwamba hili ni tabaka la ndani, halina rangi ya kuchuja wala sura ya kuonekana. Msomaji aliweke hilo akilini.

Kukata na kuunga

Mraba ulikuwa sentimita 15, na kila upande sentimita 1 inaliwa na mshono, kwa hiyo kiraka kilichoshonwa kinabaki sentimita 13. Nafasi ya sentimita 1 ni kubwa kuliko wanayotumia wengi wanaoshona viraka vipya, wanaoacha milimita 6. Kwa kitambaa kikuukuu kinachochambuka nyuzi, milimita 6 ni chache mno.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha boksi. Baada ya kuchorea mara nyingi, pembe za boksi zililainika, na miraba ikaanza kupishana kwa milimita 2. Inaonekana si kitu. Lakini kwenye mstari wa viraka 6 inafika zaidi ya sentimita 1, na mstari huo hautakutana na mwenzake. Mama mdogo alipata suluhisho uani: kigae cha ukutani cha sentimita 15 kwa 15, kilichobaki kwenye ujenzi wa jirani. Alisugua kingo zake kwa jiwe la lava zisikwaruze kitambaa, na tangu hapo kila mraba ukatoka sawa na mwenzake. Kigae hakiliwi na chaki, na uzito wake unakifanya kitambaa kitulie. Kila mraba ulifuata uelekeo wa nyuzi. Uliokatwa mshazari hunyooka mkononi na kuharibu mstari mzima.

Jumla ilikuwa viraka 48, mistari 8 ya viraka 6. Machi 8 ilitoa 12, buluu 10, manjano 8, blauzi 6, shati la Mjomba 6, shati la baba 6.

Viraka 8 vya manjano vilitiwa bitana. Kila kimoja kililazwa juu ya mraba wa pamba nyeupe nyepesi, vikashikizwa kwa bandi (mshono wa muda) kuzunguka ukingo, na tangu hapo vikahesabiwa kuwa kitambaa kimoja. Mvuto wa mshono ukaangukia bitana badala ya kuangukia maua. Vya blauzi havikutiwa bitana, maana dirishani vilionekana vizima.

Mpangilio ulifanywa kitandani. Mama mdogo aliweka vyenye nguvu pembeni na vidhaifu katikati, kwa sababu pembe na kingo ndizo zinazokamatwa, kuvutwa na kukamuliwa. Pembe zote nne zilichukua shati la Mjomba. Halafu Binti alipiga picha kwa simu na kuigeuza nyeusi na nyeupe. Picha isiyo na rangi ilionyesha mara moja kwamba viraka vizito vimerundikana upande mmoja, jambo ambalo jicho lililoshangazwa na nyekundu halikuliona. Wakahamisha vitano.

Kuunga kwenyewe hakukuwa na shida. Mstari mmoja mishono yake ililazwa kwa pasi kuelekea kulia, unaofuata kushoto, ili pembe za viraka zikutane bila kurundika unene mahali pamoja. Kitambaa chenye unyevu kiliwekwa chini ya pasi ya makaa kuzuia masizi na cheche.

Matabaka matatu na sindano zilizohesabiwa

Uso uliokamilika, pamoja na kingo za buluu, ulikuwa sentimita 88 kwa 114. Mgongo na moleto vilikatwa vikizidi kwa sentimita 5 kila upande. Sakafu ilioshwa, mgongo ukatandazwa na kubandikwa kwa utepe, moleto juu yake, uso juu ya vyote. Bandi ndefu zilipigwa kutoka katikati kwenda nje. Anayeanzia pembeni husukuma mkunjo hadi katikati na hana pa kuutolea.

Pini hazikutumika hata moja. Zaidi ya hapo, Mama mdogo alianza kila siku kwa kuhesabu sindano na akamaliza kila siku kwa kuzihesabu, na mwishoni alipitisha juu ya blanketi sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Sindano iliyovunjika ndani ya moleto haionekani kwa jicho, na atakayeipata ni goti la mtoto. Nawasihi mafundi walichukue jambo hili kama sehemu ya kushona.

Binti alitamani vishada vya sufu kwenye kila makutano ya viraka, kama alivyoona kwenye picha. Vilikataliwa, pamoja na vifungo na shanga. Mtoto wa miezi mitano hutia kila kitu mdomoni, na kishada kinachong'oka kinamkaba. Badala yake matabaka yalishikizwa kwa mshono wa mkono ulioenda sambamba na kila mshono wa viraka.

Mtoto atalala nalo?

Binti alidhani ndilo atakalomfunikia mtoto usiku. Muuguzi aliyekuwa akimpima mimba alimkataza. Ushauri wake unalingana na wa American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani: katika mwaka wa kwanza mtoto alale chali, juu ya godoro lisilobonyea, bila mto, blanketi wala kitu laini karibu na uso, kwa sababu vinaweza kumziba pumzi. Baridi ya usiku inatatuliwa kwa kumvalisha, si kwa kumrundikia.

Ilibidi neno hili lisemwe mapema, kabla ukubwa haujapangwa, na ndivyo ilivyokuwa. Blanketi lilifanywa la mchana: la kutandikwa chini mtoto akiwa macho na mtu yuko naye, la kuwekwa mapajani, na akishakua ndipo litakuwa la kujifunika. Ndiyo maana lilifanywa pana kuliko mahitaji ya mtoto mchanga, na ndiyo maana vishada viligomewa kwa nguvu hivyo.

Matokeo

Blanketi lilikamilika mtoto akiwa na wiki tatu. Lilitumika kila siku. Mjomba alikuwa wa kwanza kumlaza mtoto juu yake.

Miezi michache baadaye lilifuliwa kwa mara ya kwanza. Rangi nyekundu haikugusa hata uzi mmoja wa mistari myeupe ya shati la Mjomba. Lakini lilipokauka lilipimwa sentimita 85 kwa 108. Uso ulikuwa umekunjamana katikati ya kila kiraka, na kwenye ukingo mmoja mrefu nyuzi za mshono wa mkono zilikuwa zimekatika mahali pawili. Kiraka kimoja cha blauzi kilikuwa kimepasuka katikati, mpasuko wa urefu wa kidole.

Lilichukua siku tatu kukauka, kwani ilikuwa msimu wa mvua. Mara ya kwanza lilitundikwa kwenye kamba moja likakaa mara mbili, na ndani likaanza kunuka unyevu. Lilipotandazwa juu ya kamba mbili sambamba, upepo ukipita chini na juu, lilikauka vizuri.

Uchambuzi: kwa nini lilikunjamana

Mama mdogo alidhani mkono wake ulikuwa mzito. Nilimwomba alete kipande cha moleto kilichobaki. Tulikata mraba wa sentimita 30, tukaufua kwa maji ya moto, tukaukausha, tukaupima: urefu sentimita 28 na nusu, upana 29. Jibu likawa mezani. Uso na mgongo vilikuwa vimekwisha kurudi kwenye beseni zamani. Moleto ilirudi ikiwa ndani, ikawavuta wenzake wawili, na kitambaa kisicho na pa kwenda kikakunjamana. Nyuzi zilikatika pale tu zilipokuwa zimekazwa sana, kwa upande wa urefu, ambako moleto ilirudi zaidi. Zilizoachwa na ulegevu kidogo zilisalimika.

Kasoro hii haiondoki bila kulifumua blanketi lote, na hakuna aliyeliomba hilo. Kukunjamana hakumdhuru mtoto, na wapo wanaokupenda. Ila uamuzi ulioileta ulitegemea hoja ya uongo, kwamba kisichoonekana hakina haja ya kufuliwa. Tabaka la kati ndilo lililoshikwa na kila mshono wa blanketi. Bidoni moja ingetosha. Kama maji yalikuwa hayapo siku ile, palikuwa na njia nyingine: kulowesha moleto tu usiku mmoja katika maji ya mvua yaliyopashwa moto na kuianika, bila sabuni.

Uchambuzi: kiraka kilichopasuka

Kiraka cha blauzi kilipita mtihani wa dirisha, na bado kikapasuka. Tulipokitazama kwa karibu tulikuta kilikatwa chini ya kwapa. Jasho la miaka mingi huchosha nyuzi bila kuzipunguza unene, kwa hiyo mwanga hauonyeshi kitu. Mtihani wa kuvuta kwa vidole gumba ungeonyesha, lakini ulifanywa kwa vikwembe tu. Nguo iliyoshonwa inahitaji mtihani wa kuvutwa katika kila sehemu inayofikiwa na jasho: kwapa, shingo, mgongo wa juu. Na ingefaa kila kiraka cha nguo iliyovaliwa kitiwe bitana bila kubishana, maana miraba ya pamba nyepesi ni gharama ndogo.

Upande mwingine, viraka vya manjano, ambavyo ndivyo vilivyoogopwa, vilitoka kwenye beseni bila hata kimoja kuachia. Kuvikata nje ya mikunjo na kuvitia bitana kulivikomboa. Mahali pa kiraka kilichopasuka paliwekwa mraba mpya juu ya ule wa zamani, kingo zimekunjwa ndani, mshono mdogo wa mkono kuzunguka. Ulitoka kwenye mabaki ya Machi 8. Ule wa blauzi haukutolewa. Uko chini yake.

Uchambuzi: yaliyosimama

Jambo lililosaidia kuliko yote lilitangulia kushona: begi kufunguliwa mbele ya Mjomba. Angeweza kuarifiwa baadaye, na blanketi lingekuwa ugomvi uliokunjwa kabatini. Nusu ya kikwembe iliyobaki nzima ilimpa mtu mwenye wasiwasi kitu cha kushika. Shati lake lilimpa nafasi. Fundi akijua kwamba pana mkubwa wa familia hajasema neno, ampeleke mteja kwanza kwa huyo mkubwa.

Kuhesabu sindano na kukataa vishada ni mambo ambayo hayaonekani kwenye blanketi lililokamilika, kwa hiyo hayasifiwi. Kwa maoni yangu yana uzito kuliko ulinganifu wa pembe.

Muda ulipangwa vibaya. Kufua, kupima, kutia bitana na mshono wa mkono vilikula wiki ambazo hazikuhesabiwa, na haraka hiyo hiyo ndiyo iliyoiacha moleto bila maji. Kwa kazi ya nguo za zamani, mimba ya miezi mitano ndiyo mwanzo unaofaa, si ya saba.

Mama mdogo amekwisha kuletewa begi la pili, na jirani aliyefiwa na mumewe: mashati, karibu yote ya poliesta. Alizichoma nyuzi kwanza, kisha akamweleza mwenye begi kwamba blanketi la mtoto halitatoka humo, ila pazia na mito ya kochi vinaweza kutoka. Mashati mawili ya pamba yaliyobaki aliyatenga pamoja na kipande cha moleto, akayalowesha yote siku hiyo hiyo kwenye beseni moja.